Mgeni wa Ndoo

Tangu msiba uishe, wifi yake Sindano hakutia mdomoni kitu chochote kilichopikwa na Sindano. Kuja alikuwa anakuja, tena karibu kila siku, maana nyumba zao zimepakana na uzio wenyewe ulishalala zamani. Anakaa kwenye benchi karibu na cherehani, anauliza hali, anamwaga habari za mtaa mzima. Lakini akiletewa chai, amekunywa sasa hivi. Akiletewa ndizi mbivu, tunda ambalo Mungu mwenyewe amelifunga na ganda lake, tumbo linamsumbua. Sindano hakuwa mjinga. Mtu anayeogopa hata ndizi kwa sababu imepita mkononi mwako, huyo ameshakuhukumu, bado kukusomea tu.

Jina la Sindano alipewa na mumewe. Alikuwa mwembamba, alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alikuwa na mdomo wa kuchoma. Mume alikuwa fundi bomba, mnene, mcheshi, mtu wa kuahidi. Mabomba ya mtaa mzima aliyatengeneza yeye, ila bomba la jikoni kwake, lile lililopita juu ya kabati la vyakula, lilidondosha maji miaka nenda miaka rudi. "Kesho," alikuwa akisema, na mkewe anamjibu kwamba hiyo kesho yake nayo inavuja. Watoto walikua, wakaondoka na kuwa na nyumba zao, bomba likabaki linadondosha.

Halafu mume akaanza kuumwa. Tumbo lilijaa wakati mwili unakauka, macho yakawa ya njano. Daktari alisema ini, akatikisa kichwa, na hakusema ugonjwa umetokana na nini. Siku ile, pale kwenye korido ya hospitali, wifi mtu alimgeukia Sindano akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ndugu yangu alikuwa anakula nini huko kwako?" Aliuliza mara moja tu. Hakurudia wakati wa mazishi, wala baadaye. Lakini lile swali liliingia nyumbani kwa Sindano pamoja na viatu vya marehemu, na likakaa.

Ndiyo maana Binti Mizani alipobisha hodi, Sindano alimpokea kama mtu aliyetumwa kwake.

Jina hilo alimbandika Sindano mwenyewe, kwa sababu binti alikuja na mizani kifuani, ameikumbatia kama mtoto mchanga, na nyuma yake mtu wa gari amebeba kasha la barafu. Alitoka ofisi ya takwimu za chakula. Walikuwa wanatafuta kujua watu wanakula nini, kiasi gani, na katika hicho wanachokula kuna sumu gani zinazoingia bila mtu kujua. Nyumba zilichaguliwa kwa kura, na kura ilikuwa imeangukia hapa.

"Hatuulizi tu, mama," Binti Mizani alisema. "Watu tukiwauliza walikula nini jana, nusu wamesahau na nusu wanatuonea haya. Kwa hiyo tunaacha ndoo. Kila utakachokula, weka kingine kama hicho hicho kwenye ndoo, kiasi hicho hicho. Asubuhi napita, napima, nachukua. Maabara wanasaga vyote pamoja, wanatazama."

"Yaani mnataka makombo."

"Hapana, mama. Hapo ndipo watu wanapokosea." Binti aliketi, akaonekana amechoka kulieleza jambo hilo. Kuna waliotia makombo, alisema. Kuna waliotia nyama ambayo wao wenyewe hawakuila, ili ofisi isiwadharau. Kwa hiyo kazini walifundishwa namna nyepesi ya kulisema. "Fikiria una mgeni. Haonekani, lakini amekaa na wewe na anakula unachokula. Ukijipakulia wewe, unampakulia na yeye. Basi."

Sindano alikiangalia kiti cha mumewe, kile cha mbao chenye mto wa kitambaa cha sare kilichobaki. "Mgeni wa namna hiyo hatanipa taabu," alisema.

Binti alicheka, akidhani ni utani.

"Na mkishapima," Sindano aliuliza, "mtaniambia kama chakula changu ni safi?"

"Majibu ya nyumba yako nitakuletea mwenyewe."

Sindano alikubali, hata damu akatoa, ingawa sindano isiyo ya cherehani alikuwa akiiogopa tangu utotoni. Jioni ile ile wifi alipokuja alikuta ndoo nyeupe yenye mfuniko, akaizunguka kwa macho. Sindano akamweleza yote. Wifi alivuta nyuzi za kanga yake.

"Basi hayo majibu yakija, niite," alisema. "Yakija safi, siku hiyo hiyo nakula hapa. Tena nitaomba uniongeze."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mmoja wao kulitaja jambo lenyewe. Sindano aliitikia kwa kichwa. Wifi alipovuka uzio, alikaa akalia kidogo, kisha akaenda kupika.

Sasa hapa lazima tulitazame vizuri lililofuata, kwa maana Sindano hakukusudia udanganyifu. Alipika wali na maharage. Aliona si adabu kuiweka ndoo sakafuni, mgeni hakalishwi chini, akaiweka kwenye kiti cha mume. Akajipakulia. Kisha akageukia ndoo na upawa mkononi, na mkono ukaenda wenyewe. Uliongeza wali. Ulikwangua ukoko, ambao yeye Sindano hajautafuna tangu meno yake yaanze kumsumbua, ukautia wote. Ukachukua pilipili, ambayo yeye haigusi, ukaikatia juu. Alipotazama ndani ya ndoo, alikiona chakula cha mumewe kimetulia kinamsubiri mwenyewe.

Alijua amekosea. Alishika kijiko ili autoe ukoko. Halafu akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu mume alazwe, raha ya kumtengea mtu. Akakirudisha kijiko mezani, akafunika ndoo, akala mbele yake. Chakula kilishuka vizuri jioni ile.

Na baada ya chakula ukafika wakati wa karanga.

Karanga ndizo zilizokuwa starehe ya nyumba hii. Zilikaa ndani ya debe, ndani ya kabati, chini ya lile bomba. Kila mwisho wa juma Sindano alizimwaga kwenye sinia na kuzichambua. Upande huu zile nene, zenye ngozi laini. Upande ule zilizosinyaa, zilizojikunja, nyingine zimepiga weusi. Mwanamke mwingine angezitupa. Lakini tangu mwanzo wa ndoa yao mume alizuia mkono wake. "Hao ni wazee," alisema. "Usiwatupe wazee. Nipe mimi, ndio wenye utamu wao. Nyinyi kuleni hao vijana wenu wasio na ladha." Kwa hiyo mke na watoto walikula nene, na baba akala wazee, jioni baada ya jioni. Anazisugua kwa viganja viwili, anapuliza maganda, fuu, na maganda mekundu yanatawanyika sakafuni. Sindano alikuwa akimgombeza kwa sababu ya kufagia. Watoto walikuwa wakimcheka kwamba baba ana ulimi wa ajabu.

Tangu alipofariki, wazee walikuwa wanarundikana debeni. Sindano hakuweza kuwala, na kuwatupa hakuweza. Sasa alichota konzi moja, akawakaanga, akawasugua kama alivyokuwa akisugua mume, akapuliza, akawatia kwenye ndoo, na yeye akala nene. Ikawa hivyo kila jioni.

Siku zilizofuata alipika kwa furaha ambayo kidogo ilimtia hofu. Alipika alivyovipenda mume. Aliongea akiwa jikoni. Mchana, mguu ukikanyaga cherehani, alianza kusikia nyuma yake sauti aliyoijua, fuu, fupi, na akigeuka kuna ndoo tu juu ya kiti, imefunikwa. Alifagia asubuhi, na mchana akakuta ganda jekundu karibu na mguu wa kiti. Alijiambia limetoka kwenye nguo yake. Akaliokota akalitia mfukoni. Kesho yake akakuta jingine, na hilo hakuliokota. Aliliacha pale, kwa sababu aliogopa, na kwa sababu kulifagia kungekuwa sawa na kumfukuza.

Asubuhi Binti Mizani alikuja akapima. "Mama, mgeni wako anakula kukushinda wewe mwenyewe," alimtania, akimtazama mwembamba yule.

"Wageni ndivyo walivyo."

Hapo Binti Mizani ndipo alipokosea, na tusimwonee. Alitakiwa apime na sahani ya Sindano pia, aone kama mbili hizo zinalingana. Lakini alikuwa na nyumba nyingi, barafu inayeyuka garini, na mwanamke huyu alikuwa nadhifu na mkarimu kuliko wote. Alimuuliza kama yote ni sawa. Sindano alisema yote ni sawa. Binti akaifunika ndoo akaondoka nayo, akaacha nyingine tupu.

Siku za ndoo zilipokwisha, kiti kikabaki kitupu, na Sindano alifiwa mara ya pili. Alipika sufuria dogo. Alikula amesimama. Ile sauti haikusikika tena nyuma ya cherehani, na ukimya wake ukawa mbaya kuliko sauti yenyewe. Wifi alikuwa akija, anauliza, "Bado?" na Sindano anajibu, "Bado." Walikuwa wanasubiri kitu kimoja wote wawili, na hawakuweza kukizungumza zaidi ya neno hilo.

Majibu yalipofika, Binti Mizani alikuja mikono mitupu. Hakuwa na mizani wala kasha. Sindano alikuwa anatia kola kwenye shati, na alipomwona anavua viatu polepole mlangoni, aliacha kukanyaga cherehani.

"Mama, naomba tuongee kidogo. Zile siku za ndoo, ulikula karanga?"

"Nilikula. Kila jioni."

"Zile zile ulizotia kwenye ndoo?"

Sindano aliliweka shati chini. "Kwa nini unauliza?"

Binti alieleza, na alieleza vizuri, bila kujificha nyuma ya maneno makubwa. Kuna sumu inaitwa sumukuvu. Inatokana na ukungu unaoota kwenye karanga na nafaka zilizopata unyevu. Haina harufu. Ukikaanga haiondoki. Mtu akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, inakwenda kwenye ini. Ndoo nyingi za mtaa huu zilikutwa nazo kidogo. Ndoo ya Sindano ilipita kiwango mbali sana, mpaka namba yake peke yake iliupandisha wastani wa mtaa mzima, na mkubwa wa kazi akadhani mashine imeharibika. Wakapima tena. Ikarudi ile ile.

"Halafu wakatazama damu yako," alisema Binti. "Damu inaonyesha ulichokula muda mrefu. Damu yako haina kitu, mama. Kidogo sana, kama hakuna. Sasa ndoo inasema mtu wa nyumba hii anakula sumu kila siku. Damu inasema haili. Hao ni watu wawili tofauti."

Bomba la jikoni lilidondosha. Sindano alilisikia kama hajawahi kulisikia. Alilisikia tone linavyoacha bomba na linavyotua juu ya mbao za kabati, na mawazo yake yakaingia ndani ya kabati, yakaingia ndani ya debe, yakasimama pale.

"Kwenye kazi yetu namba kama hii huwa tunauliza mwenyewe," Binti aliendelea, akiwa amemwinamia. "Ukiniambia ulikosea kuweka, kwamba ulitia usichokula, tunaiondoa. Hesabu inabaki na damu yako tu, na damu yako ni safi. Nitakuletea majibu yako hivyo hivyo, yamesema safi. Wala haitakuwa uongo."

Haitakuwa uongo. Sindano alilisikia hilo neno likimwingia taratibu. Angepewa safi yake. Angemwita wifi, wangekaa, angempakulia, na lile swali la korido lingetoka kwenye nyumba hii. Ilikuwa imebaki kufungua mdomo tu.

Na kabla hajaufungua, wifi akaingia. Alikuwa ameziona ndala za Binti mlangoni akiwa kwake. Alikuja hana hata kanga ya mabega, akasimama katikati ya chumba.

"Yamekuja?"

Binti Mizani alimtazama Sindano. Haikuwa kazi yake kusema.

"Yamekuja," alisema Sindano.

"Safi?"

Nasi tuliokaa pembeni ni rahisi kusema tungefanya nini. Sindano alimwangalia yule mwanamke, paji la uso wake pana, lile lile la marehemu, na akaona kwamba hakuja kushtaki. Alikuja ana njaa. Alikuwa anataka kuambiwa safi kuliko Sindano mwenyewe alivyotaka kulisema.

"Mimi damu yangu ni safi," alisema. "Ndoo haikuwa safi. Ila ndoo haikuwa yangu, wifi. Niliambiwa nimpakulie mgeni, nikampakulia ndugu yako."

Akasimulia. Aliusimulia ukoko na pilipili, akasimulia raha ile, na aibu haikumzuia. Kisha alikwenda jikoni, akafungua kabati, akalitoa debe. Chini lilikuwa na duara la unyevu. Alilimwaga kwenye sinia mbele ya wifi, na kwa kuwa mkono umezoea, ukaanza kutenganisha, nene huku, wazee kule.

"Uliniuliza alikuwa anakula nini huko kwangu," alisema. "Alikuwa anakula hizi. Mimi ndiye niliyekuwa namchagulia. Kwa mkono wangu huu. Miaka yote."

"Mama, subiri," Binti Mizani aliingilia. "Namba haiwezi kusema ndicho kilichomuua. Mimi siwezi kusema hivyo, na hakuna anayeweza kusema."

"Najua, mwanangu. Nimekusikia."

Wifi alikuwa ameinama juu ya sinia. Aliokota karanga moja iliyosinyaa, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Aliishika muda mrefu. Sindano alisubiri aambiwe, na alikuwa tayari. Angalau baada ya hapo kungekuwa hakuna kusubiri tena.

"Nani alikwambia anazipenda?" wifi aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Alikuwa anawaita wazee. Alisema ndio wenye utamu."

"Alikuwa hazipendi."

Sindano hakuelewa.

"Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa anatuwekea karanga kwenye bakuli moja," alisema wifi. "Yeye anatia mkono kwanza. Anachagua hizi zote. Ananiambia, niachie wazee mimi, wewe kula hizo zisizo na ladha. Siku moja nikaenda nyuma ya nyumba, nikamkuta anatema. Anatema na kujipangusa ulimi kwa shati. Akaniona nimemwona. Akacheka. Sikumwambia mtu. Kesho yake bakuli likaja, akachagua tena, na mimi nikala zile nene. Zilikuwa tamu, wifi. Nifanyeje, zilikuwa tamu."

Wakatazamana. Sindano aliona jioni zote za ndoa yake zikigeuka upande wa pili mbele ya macho yake. Aliwaona watoto wanavyomcheka baba yao, na yeye mwenyewe akicheka pamoja nao, mdomo umejaa. Alimwona mume anasugua, anapuliza, anatia kinywani, anafumba macho kuonyesha ni tamu. Hata siku moja hakukunja uso. Yule mtu wa kesho, mtu asiyeweza kutimiza ahadi ya bomba moja, alikuwa ameshika neno hili mpaka kaburini.

Alilia kwa sauti, na wifi akalia, kila mmoja upande wake wa sinia. Binti Mizani alikaa amekumbatia magoti.

Walipotulia, Binti alifuta uso wake pia. "Kwenye hesabu haiwezi kukaa," alisema, karibu anaomba radhi. "Wastani ni wa walio hai. Lazima niiondoe."

"Ukiiondoa, nani atajua kwamba alikula?" Sindano aliuliza.

Binti alilifikiria hilo. Kisha alisema namba itatoka, lakini mahali alipoikuta atapataja. Atamwambia mkubwa wake habari ya debe na bomba, na atarudi na wenzake, waingie nyumba kwa nyumba kwenye makabati ya mtaa huu. Na karanga hizi zote anaondoka nazo, hata hizo nene, maana zimekaa debe moja na hizo nyingine na jicho la mtu halioni kila kitu. Alizikusanya mpaka ile iliyokuwa mkononi mwa wifi. Wifi aliiachia kwa shida. Binti akaaga, akatoka na debe kifuani, amelikumbatia kama alivyokuwa akiikumbatia mizani.

Walibaki wawili. Sindano alidhani wifi ataondoka, na kweli aliondoka. Alivuka uzio bila kuaga. Sindano alikaa akikitazama kiti. Aliona ni haki.

Lakini wifi alirudi. Alikuwa na bakuli la karanga zake, kavu, mpya, na aliliweka juu ya meza ya cherehani, juu ya mashati ya watu.

"Hizi ni zangu," alisema. "Lakini utazikaanga wewe. Mimi leo nina njaa."

Sindano alizikaanga. Chache zilimwagika jikoni. Aliporudi wakaziweka kwenye sinia, wakazichambua pamoja, kwa umakini wa watu wanaotoa mawe kwenye mchele wa harusi. Iliyosinyaa ilitupwa. Yenye doa ilitupwa. Zikabaki nene tupu, ngozi laini, zina joto. Wifi alichota konzi, akaisugua kwa viganja viwili, akaiinua usoni akapuliza.

Fuu.

Ilikuwa pumzi ile ile, fupi, ya watu waliokula bakuli moja. Maganda mekundu yaliruka, yakatua sakafuni karibu na mguu wa kiti, pale pale yalipozoea. Wifi alitia karanga kinywani, akatafuna, akameza. Alikula chakula cha mkono wa Sindano, na wote wawili walijua, na hakuna aliyelisema.

Kisha upande wa kiti, labda ni pazia, labda upepo wa dirishani, ikasikika tena. Fuu.

Wifi aliacha kutafuna. Hakugeuka. "Bado anachagua," alisema polepole.

Sindano aliinuka. Alichota kwenye sinia konzi kubwa, zile zilizonona kuliko zote, akazisugua, akazipuliza, akaziweka juu ya mto wa kiti, moja moja, zisije zikaanguka.

"Acha kuchagua, baba watoto," alisema. "Kula. Leo zote ni nzuri."